Nzi wadogo wa nyumba moja: watapangwaje katika familia zao?

Mwanafunzi wa Wadudu ameuliza:

Ndugu zangu wenye ujuzi wa wadudu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limenishughulisha kwa wiki sita sasa. Nimekuwa nikikusanya nzi wadogo wenye urefu wa kati ya milimita 2 na 4 wanaoonekana ndani ya nyumba ninamoishi, kwa kuwa nataka kujifunza kuwatambua ipasavyo na kuwapanga katika familia zao, badala ya kuendelea kuwaita wote kwa jina moja. Nimewahifadhi katika vichupa vitatu vyenye ethanoli ya asilimia 70, kila kichupa kulingana na mahali nilipowakamata. Kichupa cha kwanza kina wale waliokuwa wakizunguka matunda yaliyoiva kupita kiasi, cha pili kina waliokuwa wametua ukutani juu ya tundu la kutolea maji bafuni, na cha tatu kina waliokuwa wakiinuka kutoka kwenye udongo wa chungu cha maua kila nilipoumwagilia maji.

Nilianza kwa kuamini kwamba mahali, ukubwa na rangi ya macho vingetosha kunionyesha kila mmoja ni nani, lakini imani hiyo haikudumu. Katika kichupa cha pili nimekuta nzi wa namna mbili wasiofanana hata kidogo: mmoja amejaa nywele mwili mzima na anafanana na nondo mdogo, na mwingine ana mwili laini na mgongo uliopinda kama nundu. Huyo wa pili nimemkuta pia katika kichupa cha matunda, akiwa amechanganyika na wengine. Jambo lililonitatiza zaidi ni kwamba nzi wa matunda walikuwa na macho mekundu sana siku niliyowakamata, lakini sasa macho ya wengi wao yamefifia na kuwa ya hudhurungi, hata nikaanza kujiuliza kama nilichanganya vichupa.

Nina lenzi ya mkono inayokuza mara 10 na hadubini ya kawaida ya shuleni. Naomba kujua ni viungo gani vya mwili nivitazame kwanza, ni familia zipi ninazopaswa kuzifikiria, na kwa vifaa hivi ninaweza kufika hadi wapi: kwenye familia, kwenye jenasi, au kwenye spishi yenyewe?

Mshika Lenzi amejibu:

Ndugu Mwanafunzi, hongera kwa kuhifadhi sampuli zenyewe na kuandika mahali ulipozikamata, kwa sababu wengi huja na picha moja yenye ukungu na kutaka jina la spishi papo hapo. Mahali pa kukamatwa panastahili kuandikwa, lakini hapawezi kuwa alama ya familia, kwa kuwa nzi huruka, na yule aliyekulia kwenye tundu la maji machafu anaweza kutua juu ya tunda bila kizuizi chochote. Kuhusu macho, usiwe na wasiwasi kwamba ulichanganya vichupa. Rangi nyekundu ya macho ya nzi hao hutoka polepole ndani ya alkoholi, na hata katika nzi walio hai si alama ya kutegemewa. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan alimpata katika maabara yake dume mmoja wa Drosophila melanogaster mwenye macho meupe kabisa, na dume huyo alikuwa wa spishi ile ile na ndugu zake wenye macho mekundu.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba kila mdudu uliyemhifadhi ni nzi kweli, yaani yumo katika oda Diptera. Nzi ana jozi moja tu ya mabawa. Jozi ya pili imegeuka kuwa vijiti viwili vyenye kichwa cha mviringo, vinavyoitwa halta, ambavyo humsaidia kudumisha mizani anaporuka. Vitafute nyuma kidogo ya shina la bawa. Nasema hivi kwa sababu nyigu wadogo sana wanaoishi kwa kutaga ndani ya wadudu wengine hunaswa mara kwa mara pamoja na nzi, na wao wana jozi mbili za mabawa, ingawa zimeshikamana kiasi kwamba mtu asiyezoea huona jozi moja.

Ukishajiridhisha, tazama vipapasio, maana hapo ndipo njia inapogawanyika. Nzi wa kundi la kwanza wana vipapasio virefu vyenye pingili nyingi zinazofanana, kama shanga zilizotungwa kwenye uzi. Nzi wa kundi la pili wana vipapasio vifupi vyenye pingili tatu tu zinazoonekana wazi, na juu ya pingili ya tatu hutokeza unywele mmoja mwembamba uitwao arista. Nina hakika ya kutosha kwamba mwenye nywele wa bafuni na wale wa chungu cha maua wataangukia upande wa kwanza, na wa matunda pamoja na mwenye nundu wataangukia upande wa pili.

Huyo anayefanana na nondo ni wa familia Psychodidae. Bawa lake ni pana, lina ncha iliyochongoka, na mishipa yake mirefu inakwenda karibu sambamba kutoka kwenye shina hadi ukingoni, huku mishipa ya kukatiza ikiwa karibu na shina pekee. Ili uione mishipa hiyo, ondoa nywele za bawa moja kwa brashi laini sana iliyolowa ethanoli. Kama bawa ni la hudhurungi na lina vidoa vidogo vyeupe pale mishipa inapofika ukingoni, fikiria Clogmia albipunctata, ambayo ni kubwa kuliko wengi wa jenasi Psychoda. Familia hii hii inao pia nzi wafyonzaji damu wa nusufamilia Phlebotominae, wanaoeneza ugonjwa wa leishmaniasisi, lakini hao wana miguu mirefu na myembamba na husimamisha mabawa juu ya mgongo wanapotua, ilhali wa bafuni huyalaza kama paa la nyumba. Tofauti hiyo ni muhimu kwa afya ya watu, kwa hiyo naomba uithibitishe hata kama unaamini unajua tayari.

Wale wa chungu cha maua kwa kawaida ni Sciaridae. Mgeuze mmoja umtazame usoni: macho yake mawili yanakutana juu ya mashina ya vipapasio kwa utepe mwembamba, kama daraja. Kisha tazama katikati ya bawa, utaona mshipa ulioachana kuwa panda yenye umbo la kengele. Daraja la macho lipo pia katika familia Cecidomyiidae, lakini hao wana mishipa michache sana bawani na hawana miiba kwenye ncha ya muundi, ilhali Sciaridae wanayo. Ukichimba juujuu katika udongo wa chungu utapata buu mweupe, karibu wa kupenyeza mwanga, mwenye kichwa cheusi kinachong'aa, na huo utakuwa ushahidi wa ziada.

Naomba pia niseme neno juu ya jina "nzi wa matunda". Kwa Kiswahili tunalitumia kwa familia mbili zilizo mbali kinasaba. Tephritidae ni nzi wakubwa zaidi, wengi wenye mabawa yaliyopambwa kwa mabaka, ambao hutoboa tunda zima lililo bado mtini na kutaga ndani yake. Humo ndimo walimo Ceratitis capitata na Bactrocera dorsalis. Drosophilidae, ambao ndio unaowaelekea wewe, wengi wao huvutwa na uchachu, yaani hamira na bakteria zinazokua juu ya tunda lililokwisha kuharibika. Katika maandishi ya kitaalamu ni vyema kuandika jina la familia, kwa sababu mkulima anayesoma "nzi wa matunda" atafikiria adui wa embe lake, si mgeni wa tunda lililooza.

Mfuatiliaji wa Phoridae amejibu:

Nakubaliana na Mshika Lenzi kwa yote, nami naongeza kuhusu mwenye nundu, kwa kuwa kundi hilo nimelifanyia kazi miaka mingi na nasikitika kila ninapoona linafukiwa ndani ya neno "na wengineo".

Mwenye nundu anaweza kuwa wa familia Phoridae, lakini nundu peke yake haitoshi. Nzi wa familia Simuliidae, ambao ni miongoni mwa wale tunaowaita usubi, nao wana mgongo uliopinda, tena mishipa minene ipo upande wa mbele wa bawa kama ilivyo kwa Phoridae. Kinachowatenganisha ni vipapasio: usubi huyo ana kipapasio kifupi lakini chenye pingili kati ya 9 na 11, na mabuu wake hukua katika maji yanayotiririka, jambo linalomfanya awe mgeni wa nadra ndani ya bafu. Phoridae wana pingili moja kubwa ya mviringo inayoonekana kama kidonge, pamoja na arista.

Sasa litandaze bawa moja la huyo nzi wako juu ya kioo cha hadubini katika tone la gliserini, ulifunike, na ulitazame kwa ukuzaji mdogo kabisa. Kama ni Phoridae, utaona kitu usichokiona katika familia nyingine yoyote ya nzi wa nyumbani. Karibu na ukingo wa mbele kuna mishipa michache, minene na myeusi, ambayo inaishia karibu na nusu ya urefu wa bawa, kana kwamba aliyeichora aliishiwa wino. Sehemu yote iliyobaki ina mishipa myembamba sana, kwa kawaida minne, inayoteremka kwa mshazari hadi ukingoni bila mshipa hata mmoja wa kuikatiza. Ukishaliona bawa la namna hiyo mara moja hutalisahau.

Baada ya bawa, tazama mguu wa nyuma. Paja lake ni pana na limebanwa ubavuni kama jani. Ukipata wengine walio hai, watazame namna wanavyokwenda: hukimbia kwa kasi hatua chache, husimama ghafla, hubadili mwelekeo, kisha hukimbia tena, na mara nyingi hupendelea kukimbia kuliko kuruka hata wanapokaribiwa na kidole. Mwenendo huo si alama ya kuandikwa katika ufunguo wa utambuzi, yaani orodha ya alama zinazofuatwa hatua kwa hatua mpaka jina lipatikane, lakini mtu aliyezoea humjua Phoridae kwa mwenendo wake akiwa bado yuko mlangoni.

Ukifika kwenye familia, nakusihi uende taratibu. Familia hii ina zaidi ya spishi 4,000 zilizokwisha kupewa majina, na jenasi moja tu, Megaselia, ina zaidi ya 1,600. Wengi wao hutofautiana kwa viungo vya uzazi vya dume, kwa idadi ya nywele ngumu zilizo kwenye paji la uso, na kwa uwiano wa sehemu za ukingo wa bawa, mambo ambayo hayapimwi kwa lenzi ya mkono. Ni kweli kwamba Megaselia scalaris hupatikana sana majumbani katika nchi zenye joto, na mabuu wake hula karibu kila kitu kinachooza, lakini wingi wake si sababu ya kumwandika yeye kila unapokuta Phoridae bafuni. Nimeona makusanyo ambamo jina hilo limebandikwa kwenye spishi tatu au nne tofauti, na aliyekuja baadaye kuyatumia alilazimika kuanza upya, sampuli moja baada ya nyingine.

Mtu asidhani kwamba familia hii inahusu mabafu pekee. Wamo wanaokua juu ya mizoga, wamo walao uyoga, na wamo wa jenasi Pseudacteon ambao hutaga ndani ya sisimizi, kisha buu huhamia kichwani mwa sisimizi huyo mpaka kichwa kikadondoka. Euryplatea nanaknihali wa Thailand, aliyeelezwa mwaka 2012, ana urefu wa milimita 0.4 tu, na anahesabiwa miongoni mwa nzi wadogo kuliko wote waliopata kujulikana.

Mwanafunzi wa Wadudu amejibu:

Nawashukuru sana, nyote wawili. Nimetumia siku tatu kufuata maelekezo yenu na naona inafaa nieleze nilichokiona, ili kama nimekosea mnisahihishe.

Sciaridae wamenithibitikia bila shaka. Nilimlaza mmoja chali katika kisahani cheusi na kumulika kutoka ubavuni, na daraja la macho likajitokeza kama uzi wa shanga nyeusi juu ya vipapasio. Buu mwenye kichwa cheusi nimempata pia, tena si mmoja, bali saba katika kijiko kimoja cha udongo. Mwenye nywele ana vidoa vyeupe ukingoni mwa bawa, na niliponyoa nywele za bawa moja, mishipa ilitokea sambamba kama mlivyosema. Mwenye nundu ana lile bawa la mchoraji aliyeishiwa wino. Nilikaa nalitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyohitaji, kwa sababu nilikuwa nimewapita nzi hawa kwa miaka mingi bila kujua kwamba wamebeba kitu cha namna hiyo.

Nina mambo mawili yaliyobaki. Kwanza, katika kichupa cha matunda kuna nzi wanne wadogo zaidi, weusi wanaong'aa, ambao arista yao haina matawi marefu kama ile ya wenzao, na juu ya kichwa wana pembetatu kubwa, nyororo, inayokaribia kufika mbele ya paji la uso. Je, hao ni Drosophilidae pia? Pili, nimesoma kwamba wataalamu wenyewe hawakubaliani kuhusu jenasi Drosophila. Ningependa kujua ubishi huo unatokana na nini, na kama unabadilisha chochote katika lebo zangu.

Mpangaji amejibu:

Nitaanza na hao wanne kwa sababu ni jambo jepesi. Pembetatu hiyo kubwa inayozunguka vijicho vitatu vya utosini ni alama ya familia Chloropidae. Ili kuthibitisha, fuata ukingo wa mbele wa bawa kutoka kwenye shina kwenda nje. Katika Drosophilidae ukingo huo umekatika mara mbili, mara ya kwanza karibu na shina na mara ya pili mbele kidogo, kama waya uliopinda na kuvunjika kidogo katika sehemu mbili, ilhali katika Chloropidae mkato ni mmoja tu. Drosophilidae wanatambulika pia kwa arista yenye matawi marefu kama unyoya, ambayo kwa kawaida huishia kwa panda ndogo, na kwa jozi tatu za nywele ngumu pembeni mwa paji la uso, moja ikiinamia mbele na mbili zikiinamia nyuma. Ukikuta nzi mdogo mweusi ambaye pingili ya kwanza ya wayo wa nyuma ni fupi na imevimba, huyo ni wa Sphaeroceridae, ambao nao hupenda vitu vinavyooza na huchanganywa sana na hawa.

Kuhusu Drosophila, ubishi si wa kugombania majina tu, ingawa watu wengi huuona hivyo. Jenasi hiyo iliundwa na Fallén mwaka 1823, na spishi ambayo jina limefungwa kwayo, yaani spishi kielelezo, ni Drosophila funebris. Ile inayojulikana na kila mwanafunzi wa jenetiki, Drosophila melanogaster, ilielezwa na Meigen mwaka 1830 na imewekwa katika nusujenasi Sophophora, iliyoundwa na Sturtevant mwaka 1939. Uchunguzi wa maumbile na wa DNA umeonyesha kwamba jenasi nyingine zenye majina yao wenyewe, kama vile Zaprionus na Scaptomyza, zimechipuka ndani ya mti ule ule, katikati ya matawi tunayoyaita Drosophila. Maana yake ni kwamba Drosophila kama tunavyoitumia leo haijumuishi wazao wote wa babu mmoja: baadhi ya wajukuu wamepewa jina la ukoo mwingine ingawa wamezaliwa katika ua huo huo.

Kama jenasi ingegawanywa ili kila jina lilingane na tawi lake, sheria za majina zingelibakiza jina Drosophila kwenye tawi la funebris, na melanogaster angeitwa Sophophora melanogaster. Hapo ndipo wengi waliposhtuka, kwa kuwa maelfu kwa maelfu ya makala za jenetiki zimeandikwa kwa jina la kwanza. Mwaka 2007 pendekezo lilipelekwa kwa Tume ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, likiomba melanogaster ifanywe spishi kielelezo ili ibaki na jina lake hata jenasi ikigawanywa. Mwaka 2010 Tume ililikataa pendekezo hilo. Hata hivyo uamuzi huo haukumlazimisha mtu yeyote kuigawanya jenasi, na kwa hiyo jina Drosophila melanogaster linaendelea kutumika kihalali. Mimi naona ni sawa liendelee, mradi anayelitumia anajua kwamba nusujenasi Sophophora inasimama peke yake kinasaba.

Tatizo la namna hiyo liko pia katika ule mgawanyo wa kwanza alioutumia Mshika Lenzi, nami siuandiki huu kwa kumpinga, maana hata mimi huanza hapo ninapotambua nzi. Wale wenye vipapasio virefu waliitwa zamani Nematocera, na wenye vipapasio vifupi huitwa Brachycera. Brachycera ni tawi la kweli, lakini lilichipuka kutoka ndani ya hao wenye vipapasio virefu, hivyo Nematocera ni jina la waliobaki nyuma. Ufunguo wa utambuzi unaruhusiwa kutumia alama yoyote inayotenganisha haraka. Uainishaji unadai jambo jingine, nalo ni ukoo. Mwenye kuvichanganya hivi viwili atasumbuka kila anapoona jina limebadilika, na atadhani wataalamu hawajui wanachofanya, wakati nzi mkononi mwake ni yule yule na alama zake ni zile zile.

Mfano mzuri wa upande wa Tephritidae ni Bactrocera invadens, aliyeelezwa kama spishi mpya mwaka 2005 kutokana na nzi walioingia Afrika wakitoka Asia. Baada ya kulinganisha maumbo, DNA na uwezo wa kuzaana, mwaka 2015 jina hilo liliunganishwa na Bactrocera dorsalis. Mtu aliyekuwa ameandika lebo yake vizuri, akiwa na mahali, tarehe na sampuli iliyohifadhiwa, alibadilisha neno moja tu na kazi yake yote ikabaki na thamani.

Mtaalamu wa Maabara amejibu:

Naongeza machache ya vitendo. Kwa Drosophilidae, anza kutazama mgongo wa kidari. Mistari myeupe ya urefu yenye kingo nyeusi, inayoanzia kichwani, humwonyesha Zaprionus. Vidoa vyeusi kwenye shina la kila unywele huelekeza kwenye kundi la Drosophila repleta. Dume mwenye doa jeusi karibu na ncha ya kila bawa anaweza kuwa Drosophila suzukii, na katika hali hiyo mtafute jike, umtazame mrija wake wa kutagia: una meno kama msumeno, kwa kuwa spishi hii hukata ngozi ya tunda zima.

Kama nzi wako ni wa manjano, wenye pingili za tumbo zilizopakana na weusi, na dume ana ncha nyeusi ya tumbo pamoja na kichana cha meno meusi kwenye pingili ya kwanza ya wayo wa mbele, umefika katika kikundi cha melanogaster. Hapo simama kwanza. Drosophila simulans, aliyetenganishwa na Sturtevant mwaka 1919, anafanana na melanogaster karibu kwa kila kitu, na majike wa spishi hizi mbili ni wagumu sana kutofautishwa kwa macho. Madume hutofautishwa kwa kipande kidogo cha viungo vya uzazi: katika simulans ni kipana na cha mviringo kama kombe la baharini, na katika melanogaster ni chembamba kama ndoana. Kata ncha ya tumbo la dume, iloweke katika mchanganyiko wa potasiamu haidroksidi wa asilimia 10 mpaka nyama iyeyuke, isafishe kwa maji, kisha itazame ndani ya gliserini. Hadubini yako ya shuleni inatosha kabisa kwa kazi hiyo.

Kwa Megaselia, na kwa majike wasio na alama, njia iliyobaki ni kusoma kipande cha jeni ya COI chenye jozi za besi zipatazo 658, ambacho hutumika kama msimbo wa kulinganishia spishi za wanyama. Sharti ni kwamba sampuli nyingine za mkusanyo huo ziwekwe tangu mwanzo katika ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, kwa kuwa ile ya asilimia 70 huhifadhi umbo vizuri kuliko inavyohifadhi DNA. Wala usisage nzi mzima. Mguu mmoja unaweza kutosha, na mwili uliobaki ubaki kwenye mkusanyo pamoja na namba ile ile, kwa sababu msimbo usio na mwili hauwezi kuhakikiwa na mtu mwingine.

Mwanafunzi wa Wadudu amejibu:

Nimemaliza jana usiku. Kati ya nzi 31 wa kichupa cha matunda, 22 ni Drosophilidae, 5 ni Phoridae na 4 ni Chloropidae. Ule mkato mmoja wa ukingo wa bawa nimeuona kwa wote wanne. Miongoni mwa Drosophilidae nimepata madume 9 wenye kichana cha mguuni. Nimekata ncha ya tumbo ya watatu, na wote watatu wana kile kipande chembamba kama ndoana, kwa hiyo hao nimewaandika Drosophila melanogaster. Madume 6 waliobaki nimewaandika "kikundi cha melanogaster", mpaka nitakapowakata nao. Majike nimewaandika Drosophila sp., yaani spishi bado haijajulikana, ingawa mkono ulitamani sana kuandika zaidi.

Mwenye nywele nimemwandika Clogmia albipunctata, nikabandika pamoja naye lile bawa lililonyolewa. Wa chungu cha maua wamebaki Sciaridae, na wenye nundu wote wamebaki Phoridae, kila mmoja akiwa na tarehe na mahali pake. Leo asubuhi nimetega tena juu ya tundu la bafuni, na safari hii nimeandaa kichupa cha ethanoli ya asilimia 95 kabla ya kutega.